Mnara wa siku nne

Agosti 2009, kwenye uwanja wa kambi katika kijiji cha Vierhouten, Uholanzi, maboksi mawili ya chuma yalifungwa kwenye mti. Yalikuwa mitambo ya Siemens aina ya BS-11, vituo vidogo vya redio vya simu za mkononi vilivyokwisha kutumika na kuuzwa kama mitumba. Kebo zake ziliishia kwenye kompyuta ya kawaida inayotumia Linux. Watu waliokuwa kambini wakafungua menyu za simu zao, wakaziagiza zitafute mitandao kwa mkono, na kwenye orodha ukatokea mtandao usio wa kampuni yoyote. Uliendeshwa na watu wa kujitolea, kwa ajili ya mkutano wao, na siku nne baadaye ulizimwa.

Mkutano ule uliitwa Hacking at Random. Neno letu la "mdukuzi" lina harufu ya wizi, mtu hulisikia akamfikiria mwizi wa nywila na akaunti za benki. Waliokusanyika Vierhouten ni wadukuzi kwa maana ya zamani zaidi: watu wasiotulia mpaka wakifungue kifaa na kuelewa kinafanyaje kazi. Naomba msomaji aibebe maana hiyo hadi mwisho wa makala, maana bila hiyo historia hii haieleweki.

Ili kuuona uzito wa yale maboksi mawili, turudi nyuma kidogo. Tarehe 1 Julai 1991, nchini Finland, waziri mkuu wa zamani Harri Holkeri alimpigia simu naibu meya wa Tampere, Kaarina Suonio. Hiyo ndiyo simu ya kwanza kupita kwenye mtandao wa biashara wa GSM, mfumo wa simu za mkononi. Baada ya hapo GSM ikaenea dunia nzima, ikafika mpaka kwenye vijiji vyetu ambavyo havikuwahi kuona simu ya waya. Nyaraka za viwango vyake, maelfu ya kurasa, zilikuwa wazi kwa yeyote mwenye moyo wa kuzisoma. Lakini mitambo ya upande wa mtandao ilitengenezwa na kampuni za kuhesabika, na ilinunuliwa na wenye leseni tu. Mwanafunzi aliweza kujifungia chumbani na kompyuta zake mbili akajifunza intaneti mpaka akaifahamu kwa undani. Mtandao wa simu hakuwa na pa kuugusia. Hali ikawa hivyo kwa karibu miaka 20: kila mtu ana simu mfukoni, na nje ya kampuni hakuna aliyeweza kujenga upande wa pili unaoongea na simu hiyo.

Waliokuja kuufungua mlango huo walitoka katika jamii iliyokwisha kuzoea kujihudumia. Chaos Computer Club, chama cha wadukuzi cha Ujerumani, kilizaliwa Berlin mwaka 1981, na Wau Holland akiwa mmoja wa waasisi wake. Tangu 1984 hufanya mkutano wake mkubwa mwishoni mwa Desemba, kati ya Krismasi na mwaka mpya. Mkutano ulianzia Hamburg, ukahamia Berlin, ukarudi Hamburg, ukaenda Leipzig, ambako mwaka 2019 ulikuwa na watu wapatao 17,000, kisha ukarudi tena Hamburg. Kazi karibu zote hufanywa na washiriki wenyewe: kulinda milango, kutandaza nyaya, kurekodi mihadhara, kupika. Wanaojitolea huitwa malaika, na ofisi inayowagawia zamu huitwa Mbinguni. Mtu amelipa kiingilio chake kama wengine, na bado saa nane usiku utamkuta mlangoni na kizibao cha malaika.

Simu nazo zilikuwa na malaika wake. Kabla ya GSM walikuwa na DECT, teknolojia ya zile simu za mezani zisizo na waya. Masafa yake, megahezi 1880 hadi 1900, Ulaya hayahitaji leseni ya mtu mmoja mmoja, kwa hiyo kikundi cha Eventphone kiliweza kutundika antena kwenye kumbi na kumwambia kila mtu aje na simu yake ya nyumbani. Unaichomoa simu sebuleni, unaiweka kwenye begi pamoja na chaja, unafika mkutanoni na kusajiliwa namba ya tarakimu 4. Wengi huchagua namba ambayo herufi zake kwenye vibonye zinaunda jina lao au neno wanalolipenda. Hili nimelipenda sana: simu ambayo nyumbani haivuki uzio wa bustani, mkutanoni inampata rafiki yako aliye ghorofa ya tatu upande wa pili wa jengo.

Mwaka 2008 mambo mawili yalitokea mahali tofauti, karibu kwa pamoja. Marekani, David Burgess na Harvind Samra walikuwa wameandika programu ya OpenBTS, inayotumia redio ya kompyuta kuzungumza na simu za GSM na kisha kuzikabidhi simu hizo kwa Asterisk, programu huria ya kuunganisha simu. Walihitaji mahali pa kuijaribu penye watu wengi na pasipo mtandao wa mtu mwingine. Wakaenda jangwa la Black Rock, Nevada, kwenye tamasha la Burning Man, ambako makumi ya maelfu ya watu hujenga mji wa mahema, wakaishi humo kama wiki moja katikati ya vumbi la chumvi, kisha wakaubomoa. Mwaka 2010 programu hiyo hiyo ilisimikwa Niue, kisiwa cha bahari ya Pasifiki chenye watu wapatao 1,700.

Ujerumani njia ilikuwa nyingine. Harald Welte na Dieter Spaar hawakuanza na redio. Walianza na mitambo halisi ya BS-11. Boksi hilo ni mdomo na masikio tu, halina akili ya kuamua lolote. Akili hukaa kwenye mtambo mwingine, ule unaojua simu ipi ipewe nafasi ipi, nani yupo na nani hayupo. Kampuni za simu hununua akili hiyo kwa bei kubwa. Wawili hawa waliiandika wenyewe, wakaiita OpenBSC, wakaifungua kwa yeyote. Desemba 2008, kwenye mkutano wa 25 wa Chaos Computer Club jijini Berlin, walisimama jukwaani wakaeleza jinsi mtu anavyoweza kuendesha mtandao wake wa GSM.

Jukwaani ni jukwaani. Mezani una simu mbili, tatu, ulizozichagua mwenyewe. Simu za watu elfu mbili ni jambo jingine: zipo za kila kampuni na kila umri, zenye makosa ya watengenezaji wake, zinazobebwa na watu wanaotembea, wanaolala, wanaoziacha ziishe chaji. Umati huo hauigizwi maabara, na sheria haikuruhusu mtu binafsi kurusha mawimbi ya GSM mjini kwa kujaribu tu. Ndiyo sababu kambi ya Vierhouten, ambako OpenBSC iliendesha yale maboksi mawili, ilikuwa na thamani kubwa hivyo. Waandaaji waliomba kibali kwa mamlaka ya mawasiliano ya Uholanzi, kama ambavyo hapa Tanzania mtu angekwenda TCRA au kule Nairobi kwenye Mamlaka ya Mawasiliano, wakapewa masafa kwa muda wa kambi na kwa nguvu ndogo. Mtandao wa kudumu wasingeruhusiwa. Wa siku nne waliruhusiwa, na siku nne ziliwafundisha yale ambayo miezi ya mezani isingewafundisha.

Somo la kwanza ni la hesabu. Aliyewahi kukaa Uwanja wa Benjamin Mkapa siku Simba inacheza na Yanga analijua kwa vitendo: alama za mtandao zimejaa kwenye kioo, lakini simu haitoki. Katika GSM kila njia ya mawimbi ina upana wa kilohezi 200 na hugawanywa katika vipande 8 vya muda, vinavyopokezana haraka kiasi kwamba sikio halihisi. Katika njia ya kwanza ya kila kituo, kipande kimoja angalau hutumika kwa matangazo ya mtandao wenyewe na kuziita simu. Vinabaki 7 vya kuongelea katika njia hiyo. Boksi la BS-11 huweza kubeba njia mbili. Hata maboksi mawili yakifanya kazi kwa ukamilifu, nafasi za kuongea hazizidi 30, na watu wawili wa kambi moja wakipigiana wanatumia nafasi mbili, ya huyu na ya yule. Jozi 15 zikitimia, mtandao umejaa. Kumbe kila mnara tunaoulalamikia una mtu aliyekaa na hesabu hii mahali fulani.

Somo la pili ndilo lililonigusa zaidi, nalo ni la adabu. Simu inayotafuta mtandao hugonga hodi popote inaposikia sauti. Kambini kuna simu nyingi za watu ambao hawana habari na mtandao wa malaika, nazo zinagonga. Mtandao lazima ujibu. Unaweza kuzikaribisha au kuzikataa, na kila kukataa kuna namba ya sababu. Sababu moja huiambia simu kwamba mtandao huu si wako, tafuta mwingine. Simu inaondoka, inarudi kwa kampuni yake, na mwenye simu hajui kama kuna lililotokea. Sababu nyingine huiambia kwamba laini yake si halali. Simu ikisikia hivyo inaamini. Inaacha kutafuta kabisa na kukaa kimya mpaka mwenyewe aizime na kuiwasha tena. Tarakimu moja ikikosewa kwenye programu, mtu anayesubiri habari za mgonjwa wake hospitalini anakaa na simu iliyokufa mkononi, asijue imeuawa na mtandao wa majaribio wa jirani.

Kuna pia namba ya dharura. Kwa kanuni za GSM, simu inaweza kupiga 112 kupitia mtandao wowote unaosikika, hata isipokuwa na laini ndani. Kwa hiyo ukiwasha mnara, hata wa siku nne, mtu aliyevunjika mguu usiku anaweza kuangukia kwako. Ni lazima kuwe na wa kupokea.

Desemba 2009, Berlin, mtafiti Karsten Nohl alieleza kwenye mkutano wa Chaos jinsi usimbaji wa A5/1, unaolinda mazungumzo ya GSM hewani, unavyoweza kuvunjwa kwa majedwali yaliyokokotolewa mapema. Mwaka uliofuata yeye na Sylvain Munaut walionyesha kazi hiyo wakitumia simu za Motorola za bei ya chini kabisa, zilizopakiwa programu huria ya OsmocomBB. Wapo walioona hatari tupu katika maonyesho hayo. Mimi nayaona kama jirani anayekugongea kukuambia kitasa chako kimelegea. Kitasa kilikuwa kimelegea siku zote; wenye pesa na vyombo vya kusikiliza walijua, mwenye simu ndiye aliyekuwa hajui. Na mitandao ya siku nne iliwapa watafiti mahali halali pa kujifunza bila kugusa mazungumzo ya raia wengine.

Mtandao wa mkutano wa Chaos ulikuja kupata hata utambulisho wake. Kila mtandao wa simu duniani una namba: tarakimu 3 za nchi na nyingine za kampuni. Tanzania ni 640, Kenya 639, Ujerumani 262. Katika orodha za mitandao ya Ujerumani, pamoja na makampuni makubwa, ipo 262-42, ya mikutano ya Chaos. Miaka ya mwanzo ulikuwa unaingia na laini yako yoyote: unauchagua mtandao, inaingia meseji yenye msimbo, na kwa msimbo huo unajisajilia namba fupi. GSM ilikubali hayo kwa kuwa mtandao haulazimiki kuihakiki laini, wala laini kuuhakiki mtandao. Kwenye 3G njia hiyo haikuwezekana, kwa sababu 3G hudai pande zote mbili zitambuane kwa ufunguo wa siri. Kwa 3G ikabidi watu watumie laini za malaika wenyewe. Wenye DECT na wenye GSM hupigiana kwa namba zile zile fupi, na mpigaji hana haja ya kujua mwenzake ameshika simu ya aina gani.

Kazi hii haikuishia kambini. Mwaka 2011 Welte na Holger Freyther walianzisha kampuni ya sysmocom jijini Berlin, ikatengeneza vituo vidogo vya redio ambavyo mtu hubeba kwa mkono mmoja. Na Machi 2013, katika milima ya Oaxaca, Mexico, mji mdogo wa Villa Talea de Castro ulijiwashia mtandao wake wa simu. Kampuni kubwa zilikuwa zimeukataa kwa kuwa watu wake, kama 2,500, ni wachache mno kwa biashara. Shirika la Rhizomatica liliwasaidia kwa programu huria na vifaa vya bei nafuu. Mwanzoni kila mtumiaji alilipa peso 15 kwa mwezi, na simu za ndani ya mji zilikatwa zikifika dakika 5, ili nafasi chache zilizopo ziwatoshe wote. Ni hesabu ile ile ya vipande 8. Mwaka 2016 mamlaka ya mawasiliano ya Mexico ilitoa kibali cha masafa kwa chama cha jamii za asili zinazoendesha mitandao ya namna hiyo.

Huko Ujerumani, Desemba 30 ndiyo siku ya mwisho ya mkutano. Mhadhara wa kufunga ukiisha, malaika huanza kushusha antena, kuzungusha nyaya na kupanga vituo kwenye makasha. Kuna saa ambayo nusu ya jengo bado ina mtandao na nusu haina, na mtu anayempigia mwenzake lazima arudi nyuma hatua chache ndipo simu itoke. Kisha kituo cha mwisho huzimwa. Laini za 262-42 watu huondoka nazo, wakazitia kwenye droo za nyumbani pamoja na simu za DECT, mpaka mkutano mwingine.