Uzi: Mombasa ilikuwa na tramu za kusukumwa na watu. Nani alikaa, nani alisukuma, nani alilipa?

1/ Kila mjadala wa maendeleo Kenya ukipamba moto, lazima atokee mtu wa kusema: "Semeni mnachotaka, lakini mkoloni alijenga." Sekunde mbili baadaye anajibiwa: "Alijijengea mwenyewe!" Kutoka hapo ni matusi mpaka usiku wa manane. Mimi nasoma sayansi ya siasa na nakiri nimeshiriki ugomvi huo mara nyingi kuliko inavyofaa. Leo tuipime hoja hiyo kwa kitu kimoja kidogo ambacho wengi wetu hatukufundishwa shuleni: tramu za Mombasa. Na kama kawaida ya hizi nyuzi zangu, hakuna jina la mwanasiasa wala chama. Ukitaka majina, rudi kwenye vikao vyenu.

2/ Ndio, Mombasa ilikuwa na tramu. Lakini usifikirie zile za umeme unazoona kwenye filamu. Hizi zilikuwa vigari vidogo vya magurudumu manne, vikipita juu ya reli nyembamba ya upana wa kama sentimita 60. Kiti cha abiria kilikuwa benchi, na juu yake paa la kuzuia jua. Injini haikuwepo, stima haikuwepo, hata farasi hakuwepo. Nyuma walikuwepo wanaume Waafrika, wakisukuma huku wakikimbia. Kwenye mteremko walidandia nyuma ya kigari, kikiteremka chenyewe. Mlima ukianza, wanaruka chini na kusukuma tena. Waingereza walikiita "trolley". Nami hapa nitasema troli.

3/ Njia yenyewe bado unaweza kuipita. Ilianzia Mji wa Kale, karibu na bandari ya zamani ya majahazi, ikakata kisiwa mpaka Kilindini upande wa pili, kwenye maji yenye kina ambako meli kubwa zilitia nanga. Kwa leo, hesabu kwamba ukipita Moi Avenue na zile pembe zake, uko kwenye njia hiyo. Zamani iliitwa Kilindini Road. Kutoka njia kuu yalichipuka matawi ya reli yaliyoingia ofisini, na mengine mpaka kwenye nyumba za maafisa. Yaani bwana mkubwa anamaliza chai, anatoka mlangoni, anakaa, anasukumwa mpaka kazini.

4/ Sasa swali la kwanza la mwanafunzi wa siasa: hizo reli zilitoka wapi? Hapa ndipo hadithi inakuwa tamu, kwa sababu inaanza na mradi mkubwa uliokufa.

Mwaka 1887 Sultani wa Zanzibar aliwapa wafanyabiashara wa Kiingereza mkataba wa kusimamia sehemu yake ya pwani hii. Mwaka 1888 kampuni yao ikapata hati ya kifalme. Ndiyo ile IBEA ya vitabu vya shule: kampuni binafsi iliyopewa kazi za serikali, kukusanya ushuru, kuweka maafisa, kufanya mikataba na wenyeji. Haikuchaguliwa na mtu yeyote, na bado ilitakiwa iwapatie wenye hisa faida. Shika hapo.

5/ Mwaka 1890 kampuni ikatangaza reli ya kwenda bara, ikilenga ziwa kubwa na Uganda. Jina walilipa zito: Reli ya Afrika ya Kati. Uzinduzi ukafanywa Mombasa, wakubwa wakiwepo. Reli zilizoletwa zilikuwa nyembamba sana, zile za sentimita 60, na zilizotandikwa ni takriban maili 7, yaani kama kilomita 11. Kutoka pwani mpaka ziwani ni zaidi ya kilomita 800. Pesa zikaisha. Reli ya Afrika ya Kati haikuona Afrika ya kati. Haikufika hata Voi.

Mkenya yeyote anaijua picha hii. Mawe ya msingi tumeona. Utepe tumeona ukikatwa. Kwetu ukisikia "uzinduzi" unajiuliza kwanza kama kuna cha kuzinduliwa.

6/ Ilipofika 1895 kampuni ilikuwa hoi. Serikali ya Uingereza ikaichukua nchi, na ikawa Himaya ya Afrika Mashariki. Lakini wenye hisa hawakuondoka mikono mitupu. Kampuni ililipwa pauni 250,000.

Zilitoka kwa nani? Pauni 200,000 kati ya hizo zilitoka kwenye fedha za Zanzibar. Zilikuwa pesa ambazo Wajerumani walimlipa Sultani alipoachia pwani yake ya kusini, ile ya Tanganyika. Waingereza ndio waliokuwa wakizishikilia. Rudia kusoma pole pole: kampuni ilipewa pwani ya Sultani, ikashindwa kuiendesha, kisha fedha za Sultani huyo huyo zikatumika kuilipa ili iirudishe pwani. Halafu pwani ikabaki mikononi mwa Waingereza.

Mtu akikuambia hasara za wawekezaji kubebwa na umma ni jambo la juzi, mpe tarehe hiyo: 1895.

7/ Mwaka 1896 reli ya Uganda ikaanza kujengwa, safari hii kwa pesa za bunge la Uingereza na kwa reli pana zaidi, za mita moja. Ilifika Nairobi 1899 na ziwani 1901, ikagharimu zaidi ya pauni milioni 5. Historia yake inajulikana, sitairudia. Kinachotuhusu ni zile reli nyembamba za mradi uliokufa. Zilin'golewa, zikatandikwa ndani ya kisiwa. Reli iliyoahidiwa kuunganisha bara zima ikaishia kumpeleka afisa kazini.

8/ Kwa nini wasukume watu na wasivute wanyama? Sababu moja ni mbung'o. Wale nzi waliua ng'ombe, farasi na nyumbu wengi wa usafiri, hata wajenzi wa reli ya Uganda walipoteza mamia kwa mamia. Sababu ya pili ni kwamba mtu alikuwa rahisi kupatikana kuliko mnyama. Sababu hii ndiyo ya kisiasa, na hapo nataka tukae kidogo.

9/ Angalia tarehe. Kwenye himaya hii, hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa mwaka 1907. Troli zilikuwa tayari zinazunguka Mombasa miaka kadhaa kabla ya hapo. Yaani kuna kipindi afisa wa serikali iliyojisifu kuja kukomesha utumwa alisukumwa kwenda ofisini, katika mji ambao mtu bado angeweza kumilikiwa kisheria.

Kisha tazama kodi. Kodi ya nyumba ilianza 1901. Ilitakiwa pesa taslimu. Mtu mwenye shamba, mbuzi na samaki wake, ambaye jana hakuhitaji rupia ya mzungu, leo anaihitaji la sivyo yuko matatani. Ataipata wapi? Bandarini, kwenye reli, kubeba mizigo, au nyuma ya troli. Kodi ilifanya kazi mbili: ilijaza hazina na iliwatoa watu nyumbani kwenda kutafuta kibarua.

10/ Najua kuna mtu tayari anaandika: "Lakini walilipwa, ilikuwa ajira." Sawa, hoja yako naipokea, ilikuwa ajira. Na sitadharau kazi ya mtu yeyote, wengi wetu tumesomeshwa na kazi za jasho. Lakini neno "ajira" lisitumike kufunga mjadala. Uliza: aliyesukuma angeweza kukataa? Angeweza kupanda troli ile ile jioni akirudi kwake? Alikuwa na mtu wa kumsemea pale ilipoamuliwa reli ipite wapi? Jibu la swali la mwisho tunalo: Mwafrika wa kwanza aliteuliwa kwenye Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1944. Troli zilikuwa zimeshaondoka zamani.

11/ Ziliondokaje? Bila kelele. Miaka ya 1920 magari yaliongezeka, barabara zikatengenezwa, na mwenye troli akawa mwenye gari. Reli zikaondolewa. Hakuna aliyelia, kwa sababu waliokuwa wakikaa walipata kitu kizuri zaidi, na waliokuwa wakisukuma hawakuwahi kuwa abiria.

Kwangu hili ndilo funzo kubwa kuliko yote. Mji ulikuwa na mtandao wa usafiri kwa miongo kadhaa, na ulipokufa mwananchi wa kawaida hakupoteza safari hata moja. Aliamka kesho yake akaenda kazini kama jana: kwa miguu. Ukitaka kujua mradi ulikuwa wa nani, angalia nani anaumia siku unapoondolewa.

12/ Na hao waliosukuma na kubeba hawakunyamaza milele. Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa Mombasa, wa bandarini, wa reli, wa hotelini, mpaka wa majumbani, waliacha kazi kwa pamoja. Madai yao yalikuwa ya kawaida kabisa: mishahara na gharama ya maisha. Mji ulisimama kwa siku kadhaa. Ghafla kila mtu akaona nani hasa alikuwa akiusukuma.

13/ Tuje leo. Desemba nilikuwa Mombasa. Nikapanda tuktuk kutoka Mji wa Kale kwenda upande wa Kilindini, karibu njia ile ile. Mbele yetu kulikuwa na kijana mwenye mkokoteni wa mitungi ya maji, kichwa chini, mgongo umepinda, miguu imekaza kwenye lami. Dereva wangu akapiga honi na kusema, "Hawa ndio wanaleta msongamano." Nikacheka, kisha nikaona haya. Zaidi ya miaka mia moja baadaye mtu bado anasukuma kwenye njia hiyo, na sisi tulioketi bado tunamwona yeye ndiye tatizo.

14/ Kwa hiyo nikija kwenye mijadala yenu ya miradi, naomba tuache kuhesabu kilomita peke yake. Anayesema "amejenga kilomita kadhaa" na anayejibu "hakujenga kitu" wanatumia rula moja. Leteni maswali matatu ya troli:

Nani amekaa?
Nani anasukuma?
Nani analipa?

15/ Yajaribu. Kivuko cha Likoni: kila siku kinavusha umati, na anayevuka kwa miguu halipi, gari ndilo linalipa. Kina shida zake nyingi, muulize mtu yeyote wa Mtongwe, lakini kwenye swali la nani amekaa, kinajibu vizuri kuliko miradi mingi ya kifahari. Kikisimama saa moja tu, mji mzima unajua.

Barabara ya juu ya kulipia kule Nairobi, iliyofunguliwa 2022: inafupisha safari kweli, sipingi. Lakini sehemu kubwa ya watu wa jiji hilo huenda kazini kwa miguu. Waulize waliokaa juu, kisha uwaulize wanaovuka barabara chini yake.

Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza kubeba abiria 2017: huenda hujawahi kuipanda. Lakini tangu 2013 kuna ushuru wa maendeleo ya reli kwenye bidhaa zinazoingia nchini. Ukinunua kitu kilichotoka ng'ambo, nawe umeshasukuma kidogo. Hiyo haimaanishi mradi ni mbaya. Inamaanisha una haki ya kuuliza hesabu zake hata kama hujawahi kukata tiketi.

16/ Maswali haya hayana chama. Yanamuuma aliye serikalini leo, na yatamuuma atakayeingia kesho. Ndiyo maana mwanasiasa yeyote atapendelea mbishane kuhusu nani alizindua.

17/ Tafuta siku moja kadi za posta za zamani za Mombasa zinazoonyesha hizi troli. Utaona picha inayojirudia: mtu ameketi chini ya paa, kofia kichwani, anatazama kamera. Nyuma yake wamesimama wanaume wawili, mikono kwenye kigari, wanangoja picha iishe waanze kukimbia. Kwa miaka mingi picha hiyo imeitwa "usafiri wa Mombasa ya zamani". Mimi naiona kama swali la kupiga kura.

Mwisho wa uzi. Karibuni kwenye maoni, ila ukija na "mkoloni alijenga", njoo na majibu yote matatu.