Vinyweleo vya Saintpaulia na Majina Yake

Saintpaulia ni mmea mdogo wa maua ya zambarau, na porini huota Tanzania na Kenya tu. Hukaa kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, kuanzia mawe ya chokaa ya mwambao wa Tanga na Kilifi hadi misitu ya milima ya Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Usambara, aliupeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, akauita Saintpaulia ionantha.

Wakusanyaji waliofuata walirudi na sura mpya: shina linalotambaa, jani la mviringo, jani laini kama mahameli. Maua yalifanana mno, kwa hiyo tofauti zikatafutwa kwenye majani. B. L. Burtt wa bustani ya mimea ya Edinburgh alitazama vinyweleo: virefu au vifupi, vilivyosimama au vilivyolala. Kwa alama hizo, kufikia 1964 orodha ilikaribia spishi 20. Ilikuwa kazi ya uangalifu mkubwa, lakini aliegemea zaidi mimea iliyooteshwa Ulaya, na mche mmoja wa bustanini hauonyeshi jinsi mimea ya jabali moja inavyotofautiana yenyewe kwa yenyewe.

Sura ya nje ilikwisha kuwapotosha wataalamu katika msitu wa Ituri, Kongo, pia. Harry Johnston, mtawala wa Kiingereza huko Uganda, alipopeleka London vipande vya ngozi ya okapi yenye milia, mtaalamu wa wanyama P. L. Sclater alimweka mnyama huyo, mwaka 1901, katika jenasi ya punda milia. Mafuvu yaliyofika mwaka huohuo yalionyesha kuwa ni jamaa wa twiga.

Kwa Saintpaulia marekebisho yalichelewa. Uchunguzi wa DNA wa miaka ya 1990 ulionyesha kuwa nyingi ya spishi hizo zina undugu wa karibu sana, na zikikutanishwa huzaana kwa urahisi. Mwaka 2006 Iain Darbyshire wa bustani ya Kew alibakiza spishi sita. Rupicola ya Kilifi, grotei ya Usambara Mashariki na velutina ya Usambara Magharibi zikawa nususpishi za ionantha. Vinyweleo hakuvitupa, alivipima pamoja na umbo la jani, shina na mahali mmea unapoota. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Mwaka 2015 uainishaji mwingine uliiingiza Saintpaulia yote katika jenasi ya Streptocarpus.

Kuitwa nususpishi hakupunguzi haja ya ulinzi. Rupicola imebaki kwenye majabali machache ya chokaa, na miti inayoyatia kivuli inaendelea kukatwa.