Sam Wooding na Gharama ya Kukaa Ng'ambo

Sam Wooding alizaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1895, akafariki New York mwaka 1985. Katika maisha hayo marefu, sifa yake ya kihistoria inatokana na miaka michache tu, tangu 1925 hadi 1931, ambayo aliipitisha karibu yote ng'ambo. Nayo ndiyo miaka iliyomfanya asahauliwe kwao.

Mwanzoni mwa 1925 Wooding alikuwa akiongoza bendi katika Club Alabam, New York, jumba ambalo Fletcher Henderson alikuwa ameliacha muda mfupi kabla yake. Kwa hiyo viongozi hao wawili hawakupitana sana kwa cheo. Henderson alibaki mjini. Wooding akapanda meli pamoja na kundi la maonyesho lililoitwa Chocolate Kiddies, ambalo baadhi ya nyimbo zake zilitungwa na Duke Ellington, wakati huo bado kijana.

Mwezi Mei walifungua maonyesho Admiralspalast, Berlin. Wajerumani walikuwa wamekwisha kulisikia neno jazi, lakini orkestra kamili ya Wamarekani weusi, yenye mpiga tarumbeta hodari kama Tommy Ladnier, lilikuwa jambo jipya kwao. Miongoni mwa waliowasikia alikuwamo kijana Alfred Lion, ambaye mwaka 1939 alianzisha New York kampuni ya santuri ya Blue Note. Mwaka 1926 bendi ilifika Moscow na Leningrad. Mwaka 1927 ilipiga Argentina. Ilirekodi Berlin mwaka 1925, na Barcelona mwaka 1929.

Hapo ndipo penye tatizo. Historia ya jazi imeandikwa zaidi kwa kusikiliza santuri kuliko kwa kuchunguza nyaraka, na santuri za Wooding zilitolewa na makampuni ya Ulaya kwa wasikilizaji wa Ulaya. Wakati huohuo Louis Armstrong alikuwa akirekodi Chicago zile santuri zilizokuja kuwa kipimo cha wote. Wahakiki waliozisikia za Wooding baadaye waliona muziki wake ni mzito, umepitwa na wakati. Hukumu hiyo ina ukweli wake, kwani bendi ilikuwa mbali na chemchemi. Hata hivyo, inampima mtu kwa ladha ya mji asiokuwamo, na kuwasahau wale waliomshangilia.

Bendi ilivunjika Ubelgiji mwaka 1931. Willie Lewis, mpiga saksofoni wake, alibaki Ulaya na kuongoza bendi yake mwenyewe mjini Paris. Wooding alirudi Marekani katikati ya mdororo wa uchumi, akakuta nafasi zote zimekwisha kujazwa na wengine. Akageukia kuongoza kwaya, akarudi chuo kikuu kutafuta shahada, kisha akawa mwalimu wa muziki. Katika miaka ya 1970 aliunda tena bendi kubwa, akaipeleka Uswisi.