Ndege ya Kwanza JKIA: Maswali ya Uhamiaji, Mashine za Sekyo na Mambo Yanayorudisha Wasee Mtaani

Viza imetoka. Mathe ameshaambia chama kizima, mbogi imechanga ya sutikesi, na picha ya kupost ukiwa juu ya mawingu umeshaipangia maneno. Poa sana. Lakini kati ya mlango wa nyumbani na kile kiti cha dirishani kuna watu kadhaa wanaotaka kukujua kwanza, na si kila msee anayeingia JKIA na sutikesi hutoka na ndege. Wengine hutoka na matatu, wakirudi mtaani na hiyo hiyo sutikesi, na doo ya tiketi imeenda. Kwa hivyo cheki form hapa mapema.

Kitu ya kwanza kushika ni hii: kila mtu utakayekutana naye anatafuta kitu tofauti. Sekyo anatafuta kitu kinachoweza kudhuru ndege. Mtu wa kaunta ya ndege anatafuta karatasi. Afisa wa uhamiaji anataka kujua kama wewe ndiwe mwenye pasipoti, kama safari yako ni ya ukweli, na kama kuna mtu anakuuza bila wewe kujua. Mtu wa forodha anatafuta ushuru na vitu haramu. Ukishajua huyu aliye mbele yako anatafuta nini, unajibu swali lake na kunyamaza. Wengi huchoma kwa kujibu maswali ambayo hawakuulizwa.

Kutoka getini hadi kaunta

Pale JKIA ukaguzi huanza barabarani, kabla hata hujaona jengo. Gari linasimamishwa, abiria mnashuka, dereva anapita na gari, nyinyi mnatembea mkipitia mashine pembeni, halafu mnakutana mbele. Wageni wa hii safari hushtuka wakidhani wameshikwa. Tulia, ni kila mtu. Mlangoni mwa jengo kuna mashine tena: mizigo yote kwa skana, mshipi, saa, simu, mara nyingi na viatu. Baadaye utakaguliwa tena kabla ya kupanda ndege. Ndiyo maana watu husema ufike masaa matatu kabla, na kama siku hiyo Mombasa Road imeamua kuwa Mombasa Road, ongeza lingine.

Mambo ya viatu yalianza Desemba 2001, jamaa mmoja kwa jina Richard Reid alipojaribu kulipua vilipuzi alivyoficha kwa kiatu ndani ya ndege iliyokuwa ikitoka Paris kwenda Miami. Marekani iliacha kulazimisha abiria wavue viatu Julai 2025, lakini hiyo ni kwao. Hapa ukiambiwa vua, vua, na uwe umevaa soksi isiyo na dirisha. Mambo ya maji na losheni nayo yalitoka London, Agosti 2006, polisi walipovunja njama ya kulipua ndege kwa kutumia vilipuzi vya majimaji vilivyofichwa kwa chupa za soda. Toka hapo ndio tukapata ile sheria ya mililita 100. Na hapa ndipo watu hukosana na sekyo: kinachopimwa ni ukubwa wa chupa, si kilichobaki ndani. Losheni ya mililita 400 iliyobaki robo inaenda pipani. Asali, siagi ya njugu na mafuta ya nywele pia vinahesabiwa kama majimaji. Weka hizo zote kwa sutikesi ya chini. Unga nao usicheze nao kama unaenda Marekani: tangu 30 Juni 2018, unga wowote unaozidi kama mililita 350 kwenye mkoba wa mkononi unaweza kukaguliwa zaidi au kukatazwa. Kilo mbili za unga wa ugali ulizopewa na shosho zinasafiri chini, si mgongoni.

Pawabanki ni kinyume kabisa. Hiyo haikubaliwi kwa sutikesi ya chini, lazima ibebwe mkononi, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto chini kwa mizigo hakuna mtu wa kuiona. Kiwango cha kawaida ni wati-saa 100. Kama yako imeandikwa mAh tu, zidisha kwa 3.7 halafu gawanya kwa 1,000. Ya 20,000 inakuja 74, iko sawa. Ya 30,000 inakuja 111, na hapo utahitaji ruhusa ya shirika la ndege. Ile ya River Road ambayo maandishi yamefutika inaweza kuchukuliwa tu, kwa sababu hakuna anayeweza kujua ni ngapi. Emirates wamekaza zaidi: toka 1 Oktoba 2025 unabeba moja, isiyofika wati-saa 100, na huruhusiwi kuitumia ndani ya ndege.

Madem, hii ni yenu. Mabraids, wigi na afro huweza kufanya mkaguzi atake kupapasa kichwa. Marekani wanawake weusi walilalamikia hiyo kitu hadi mwaka 2015 idara ya usalama wa usafiri huko ikakubali kuwafunza wakaguzi wake upya kuhusu nywele. Ukikaguliwa, una haki ya kuomba mkaguzi mwanamke, na kuomba mkae faragha. Ombi lenyewe halikufanyi mshukiwa. Kama ni ile ya kupanguswa viganja kwa kitambaa kidogo, wanatafuta chembe za vilipuzi, na mashine hutoa jibu mara moja. Utani wa bomu acha mtaani. Hakuna sekyo duniani anayelipwa kucheka.

Kaunta ya ndege inaonekana rahisi lakini huko ndiko safari nyingi hufia. Shirika likikupeleka nchi ambayo huna karatasi zake, mara nyingi linapigwa faini na kulazimika kukurudisha kwa gharama zake. Kwa hivyo yule dada wa kaunta ni mkali kuliko balozi. Anacheki kama jina la tiketi linafanana na la pasipoti (si la Instagram), kama pasipoti imebakisha miezi sita, ambayo nchi nyingi hudai, kama una viza, na kama una tiketi ya kurudi pale inapohitajika. Anaweza pia kuitisha cheti cha homa ya manjano. Chanjo hiyo huanza kuhesabika siku 10 baada ya kudungwa, kwa hivyo kuikimbilia jana yake ni kupoteza doo. Habari njema ni kwamba toka Julai 2016 cheti kinadumu maisha yako yote. Kama unaruka tu Uganda au Rwanda, Mkenya anaweza kwenda na kitambulisho.

Dirisha la uhamiaji

Sasa hapa ndipo kwenyewe. Afisa anachukua pasipoti, anakuangalia, anauliza: unaenda wapi? Kufanya nini? Nani amelipa? Utakaa kwa nani? Utarudi lini? Umewahi kusafiri? Kijana wa miaka 23, pasipoti mpya kama ngozi ya mtoto, tiketi ya kwenda tu, ataulizwa zaidi kuliko mzee wa suti. Inauma, na wakati mwingine ni dharau tupu. Lakini kuna sababu moja nzito.

Toka 2022 serikali imekuwa ikionya kuhusu kazi za Thailand: kazi ya kompyuta, ya kuhudumia wateja, mshahara mnono, tiketi juu yao. Wasee wakitua Bangkok wanavushwa mpaka Myanmar usiku, wananyang'anywa pasipoti na kufungiwa kwenye kambi za kutapeli watu mtandaoni. Mapema 2025 makumi ya Wakenya waliokuwa wametolewa kwenye kambi hizo walikwama mpakani wakisubiri kurudishwa nyumbani. Wote walipita mbele ya dirisha kama hilo. Kwa hivyo afisa anapokuuliza bosi wako anaitwa nani na hujui, hauonekani mjanja. Unaonekana mzigo wa mtu.

Na hapa niseme wazi, kwa sababu hii ndiyo inaumiza wengi. Ajenti akikuambia, "ukifika uhamiaji sema unaenda kutembea tu," huku unaenda kufanya kazi Dubai, Doha au Riyadh, huyo ajenti ndiye wa kuogopa, si afisa. Ukiingia kwa viza ya utalii huna mkataba wa kazi wa kuonyesha. Siku bosi akidinda kulipa, utamshtaki na nini? Kazi halali huja na viza ya kazi, mkataba uliosainiwa unaoweza kuusoma, na ajenti aliyesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Usajili huo unaangaliwa mtandaoni bure, ukiwa kitandani. Fanya hivyo kabla hujauza ng'ombe wa mzee.

Jibu fupi, jibu ukweli, na karatasi ziseme hivyo hivyo. "Naenda Kigali siku nne, harusi ya binamu, nitakaa kwake, hii hapa tiketi ya kurudi." Imeisha. Usianze hadithi ya vile binamu alikutana na bwana yake. Chapisha kila kitu, kwa sababu simu huzima wakati mbaya kabisa.

Na haki zako? Ziko. Kifungu cha 39 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya kuondoka Kenya. Afisa anaweza kukuhoji na anaweza kukuzuia akiwa na sababu ya kisheria, lakini Kifungu cha 47 kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi kama uamuzi unakuumiza. Ukiwekwa pembeni, usipige kelele, usirekodi video ya kupost. Uliza kwa adabu: "Afande, naomba kujua sababu, na naomba iandikwe." Andika jina lake na saa. Waambie shirika la ndege mapema kwamba umeshikiliwa, labda wakubadilishie tiketi. Na yule broka anayekunong'oneza kwamba ana mtu ndani, mpe thao kadhaa atakupitisha? Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayepokea na anayetoa. Utakosa ndege na ushikwe na karao siku hiyo hiyo.

Sutikesi ya mwenyewe

Machi 2025 mahakama ya Vietnam ilimhukumu kifo dada Mkenya aliyekamatwa uwanja wa ndege wa Ho Chi Minh City mwaka 2023, sutikesi yake ikiwa na zaidi ya kilo mbili za kokeini. Alisema alipewa mzigo apelekee mtu, na hakujua kilichokuwa ndani. Mahakama haikumwamini. Kwa hivyo mtu akikuomba umbebee "kamzigo kadogo tu", hata akiwa rafiki wa kanisa, jibu ni hapana. Kama ni lazima, fungua kila kitu mwenyewe, upakie kwa mkono wako.

Jaba nayo. Hapa Nairobi ni kitu ya kawaida, Meru ni riziki, lakini Uingereza iliipiga marufuku Juni 2014, Uholanzi mwaka mmoja kabla, na Marekani na nchi za Ghuba inahesabiwa dawa za kulevya. Kagua hata mifuko ya jaketi uliyovaa wikendi. Dawa za hospitali pia zina noma: kodeini na tramadoli ni dawa zinazodhibitiwa Dubai, na unahitaji kibali kabla ya kusafiri nazo. Beba kwa pakiti yake, na barua ya daktari.

Upande ule mwingine

Viza inakufikisha mlangoni. Anayefungua ni afisa wa huko, na anaweza kukataa. Ukipelekwa chumba cha pili cha mahojiano, usijimalize: wengi huulizwa, husubiri, hupita. Marekani wanaweza kupekua simu mpakani, na mgeni akikataa anaweza kurudishwa. Kwa hivyo kama viza ni ya kutembea na kwa WhatsApp umemwandikia boy wako "nikifika natafuta job", hiyo meseji itakusomewa. Kama Kiingereza chao hukielewi, omba mkalimani, na usitie sahihi karatasi hujaielewa eti ndio mambo yaishe haraka. Ukikamatwa, sema unataka ubalozi wa Kenya ujulishwe. Hiyo ni haki yako chini ya Mkataba wa Vienna wa 1963, na maafisa wanajua, ila mara nyingi husubiri wewe uitaje. Namba ya ubalozi iandike kwa karatasi, si kwa simu pekee, kwa sababu simu ndiyo huchukuliwa kwanza.

Ukirudi nyumbani, dirisha la uhamiaji huwa rahisi, ni pasipoti yako na nchi yako. Wa kukuchelewesha ni forodha, hasa kama una simu nne mpya ndani ya maboksi na unasema zote ni zako. Kama una pesa taslimu zinazofika dola 10,000, unazitangaza, ukitoka na ukiingia. Na ile mifuko ya plastiki ya madukani kwa transiti iachwe hapo uwanjani, kwa sababu Kenya iliipiga marufuku tangu 28 Agosti 2017. Hamisha manukato ya mathe kwa mkoba kabla hujafika mlangoni.