Mizani ya Sataranji

Mchezaji wa sataranji asiyejua thamani ya kete zake ni kama mfanyabiashara asiyejua bei ya bidhaa zake: hubadilishana kwa hasara. Mwaka 1950 Claude Shannon, mtaalamu wa Marekani, alieleza jinsi kompyuta iwezavyo kupewa thamani hizo: askari 1, farasi 3, ngome 5, malkia 9. Tarakimu hizo, zilizotokana na uzoefu wa wachezaji, zikawa mizani ya kompyuta. Lakini nani angethibitisha kuwa ndizo bora?

Mwaka 1975 John Holland, Mmarekani mwenzake, alichapisha kitabu cha njia iliyoigwa kutoka kwa viumbe. Huandaliwa mizani nyingi zenye tarakimu mbalimbali. Zilizo dhaifu hutupwa, zilizo bora huchanganywa kama wazazi wazaavyo, na tarakimu chache hubadilishwa kwa bahati nasibu. Hivyo huendelea kizazi baada ya kizazi.

Omid David na wenzake, katika makala yao ya mwaka 2014, walieleza walivyoitumia njia hiyo: kwanza walipima mizani kwa michezo ya mabingwa, kisha wakazishindanisha zenyewe. Basi tusidhani kuwa kompyuta ilijifunza bila mwalimu. Binadamu ndiye aliyechagua kipimo. Na kipimo kikiwa kibovu, vizazi elfu haviwezi kuiponya mizani.