Bustani ya Amani na Watu Walioilea

Bustani ya mimea ya Amani, katika milima ya Usambara Mashariki wilayani Muheza, imevuka miaka 120 tangu Wajerumani walipoianzisha mwaka 1902 pamoja na taasisi yao ya utafiti wa biolojia na kilimo. Historia yake imezoeleka kuelezwa kwa orodha mbili: ya wakurugenzi, kuanzia Franz Stuhlmann na Albrecht Zimmermann, na ya miti iliyoletwa kutoka pande nyingi za nchi za joto. Orodha hizo ni za kweli, lakini hazielezi kwa nini Amani bado ipo. Tawala zimepita, taasisi zimehama, fedha zimepungua. Waliodumu ni wafanyakazi na wanavijiji walioifahamu bustani hiyo mti kwa mti. Kumbukumbu ya Amani isiyowataja hao imeanzia katikati.

Tuanze na kazi yenyewe. Bustani ilitandazwa kwenye miteremko ya hekta 300 hivi, kutoka bonde la Sigi hadi juu Amani, ili kila zao lijaribiwe penye joto na mvua inayolifaa. Mikwinini, mikafuri, mipira na viungo vya namna nyingi vilipandwa hapo. Hakuna kilichojiotesha: msitu ulifyekwa, vitalu vikamwagiliwa, miche ikapandishwa mlimani, na waliofanya hivyo walikuwa Wasambaa pamoja na vibarua waliotoka mbali. Vita Kuu ya Kwanza ilipoifungia Afrika Mashariki ya Kijerumani njia ya bahari, Amani ilitengeneza kwinini ya askari kutokana na magome ya miti yake. Dawa hiyo huhesabiwa kuwa ushindi wa maabara, lakini maabara haina la kufanya mpaka mtu ayabandue magome, ayaanike na kuyasaga.

Ushahidi mzito zaidi ni muhogo. Miaka ya 1930, chini ya utawala wa Waingereza, watafiti H. H. Storey na R. F. W. Nichols walipambana na batobato, ugonjwa unaotia jani mabaka ya manjano, ukalikunja na kulidumaza, hata mavuno yakawa haba. Muhogo ulichavushwa kwa chavua ya jamaa yake, mpira wa Ceará, kisha mahuluti yakachanganywa tena na muhogo kizazi baada ya kizazi, ili mzizi ulike vizuri bila ukinzani kupotea. Kazi ya namna hii hutegemea macho: mtu apite mstari kwa mstari, atambue jani lililoanza kupinda, ang'oe mche mgonjwa na kuubakiza mzima. Mbegu zilizotokana nayo zilipelekwa Nigeria miaka ya 1950, na ukinzani wake ukaingia katika aina za muhogo zilizosambazwa baadaye na kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo, IITA, cha Ibadan. Jasho lililomwagika Usambara limelisha watu wa nchi nyingi za Afrika.

Zipo hoja za kupinga, nazo ni nzito. Ya kwanza ni kwamba bustani iliwekwa kuinufaisha Ujerumani, kwa hiyo kuwasifu vibarua wake ni kuupamba ukoloni. Dhuluma ilikuwepo, na iandikwe bila kufichwa. Lakini kuwaacha nje ya historia waliofanya kazi ni kuwadhulumu mara ya pili, kwa sababu ujuzi walioupata ulikuwa wao. Ya pili ni ya wahifadhi wanaomwona mwanakijiji kuwa adui wa msitu, wakitaja mashamba ya iliki yaliyolimwa chini ya miti. Hatari hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, Maesopsis, mti wa kigeni ulioenea na kuusumbua sana msitu wa Amani, uliletwa na wataalamu wenyewe, na hondohondo wakasambaza mbegu zake. Wanavijiji, kwa upande wao, wameonyesha kuwa wakipata njia halali wataulinda msitu: kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 hadi mwaka 2016, kaya za vijiji jirani zilifuga vipepeo katika vibanda vya neti na kuuza pupa kwa maonyesho ya Ulaya na Marekani. Kiwavi hula majani ya mmea wake tu. Mmea huo ungetoweka, biashara ingekwisha, na mfugaji alilijua hilo kuliko yeyote.

Utafiti wa kilimo ulihamia Muguga, Kenya, mwaka 1948. Nafasi yake Amani ikachukuliwa na utafiti wa malaria. Na mwaka 1997 ikaanzishwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, ambayo bustani ni sehemu yake. Mabadiliko hayo yaligusa zaidi ofisi kuliko vijiji. Ndiyo maana heshima inayoistahili Amani ni ya vitendo: watunzaji waajiriwe kutoka vijiji vya jirani, wazee waliofanya kazi vitaluni na maabarani wahojiwe na maneno yao yahifadhiwe, na majina yao yaandikwe penye majina ya wanasayansi. Bajeti ya bustani inapopangwa, fungu la kazi hizo litangulie ukarabati wa majengo.