Watoto na Baiskeli: Jana na Leo

Wazazi wenzetu, mara nyingi tunawasikia wazee wakisema watoto wa leo ni wavivu, hawapandi baiskeli kama wao zamani. Sisi tunaona lawama hii hawaistahili.

Tutazame Uingereza, ambako Mayer Hillman na wenzake walilichunguza jambo hili. Mwaka 1971, theluthi mbili ya wanafunzi wa msingi wenye baiskeli walikuwa wakiruhusiwa kuziendesha barabarani. Kufikia 1990 ilibaki robo tu, na wakati huo wenye baiskeli walikuwa wameongezeka! Baiskeli zilinunuliwa, zikakaa uani. Wazazi waliogopa magari, na hofu yao haikuwa ya bure.

Uholanzi nako, ajali za barabarani ziliua watoto zaidi ya 400 mwaka 1971. Lakini wazazi wa huko waliandamana, wakafunga mitaa ili watoto wacheze, wakajiita "Stop de Kindermoord", yaani komesheni mauaji ya watoto. Serikali ikaanza kujenga njia za baiskeli na kupunguza mwendo wa magari mitaani. Hadi leo watoto wengi wa Kiholanzi huenda shule kwa baiskeli, kama babu zao.

Huku kwetu tunamnunulia mtoto baiskeli ya Idi, kisha tunamwambia asivuke geti.